Sifa za kufundisha Kiingereza nje ya nchi kihalali: wakala anasema digrii siyo lazima, kuna ukweli?

#1 Ticha wa Makambako
Wakuu, habari za jioni.

Nina digrii ya ualimu, masomo yangu ni Kiingereza na Jiografia, nimesoma chuo cha serikali hapa hapa nchini. Usaili wa Utumishi nimefanya, kimya. Bodi ya mikopo wao hawajakaa kimya. Kwa sasa nafundisha shule binafsi ya msingi na mshahara naona aibu kuutaja mbele za watu.

Kuna wakala nimempata kupitia kundi la WhatsApp. Anasema China wanatafuta walimu wa Kiingereza, yuan 12,000 kwa mwezi na nyumba juu. Anataka milioni tatu na nusu. Niende na viza ya biashara, kibali cha kazi nitatengenezewa nikishafika. Digrii anasema siyo lazima, ila nikiwa nayo "inapendezesha faili". Nikamuuliza mkataba, akasema nitasaini huko huko.

Naomba kujua, kisheria Mtanzania anatakiwa awe na nini ili afundishe Kiingereza nje? China au popote. Walioko huko na waliorudi mseme. Kejeli sitaki.

#2 Karanga Mbichi
Kejeli hutaki halafu umekuja humu. Ngoja nivute kiti.

#3 Mchina wa Tandale
Nipo Guangdong. Mimi mtu wa makontena, ualimu sijui, lakini nimeishi na walimu nyumba moja kwa muda mrefu na mlolongo wao naufahamu.

Anayeanza ni shule. Lazima iwe na ruhusa ya kuajiri wageni, inaingiza nyaraka zako kwenye mfumo wa serikali, na wakikubali inatoka barua ya taarifa ya kibali cha kazi. Barua hiyo unaipata ukiwa bado Bongo. Unaipeleka ubalozi wa China pale Dar, wanakupa viza ya Z, ndiyo ya kazi. Ukitua unaandikishwa polisi ndani ya saa 24, unafuatilia kibali chenyewe, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi.

Viza ya biashara ni M. Hiyo ni yetu sisi tunaokuja kukagua mzigo kiwandani. Ukisimama darasani na M, umevunja sheria kuanzia kipindi cha kwanza, na huyo wakala anajua.

Nyaraka zenyewe: digrii ya kwanza au zaidi, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, umri usizidi 60, na uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Mwenye digrii ya ualimu au cheti cha kufundishia lugha anaweza kusamehewa ule uzoefu. Digrii yenyewe haina msamaha.

#4 Sauti ya Zege
Nimesoma China kwa ufadhili. Wanafunzi wengi wa Kiafrika walikuwa wanakwenda kufundisha chekechea Jumamosi, wanalipwa mkononi. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na polisi. Mwenzetu mmoja walimkuta darasani na kikaragosi cha sungura mkononi. Akakaa ndani, akalipa faini, muhula haukuisha akawa Julius Nyerere anasubiri begi.

Sheria yao ya uingiaji na utokaji iliyoanza 1 Julai 2013 ni faini yuan 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila kibali. Kosa likiwa zito, ndani siku 5 hadi 15, na kurudishwa kwenu juu yake. Shule nayo inapigwa faini, ila shule ina pesa.

#5 Chui Jike
Mchina wa Tandale umeeleza vizuri lakini jiwe lenyewe umeliruka.

Kanuni ya China inataka mwalimu wa lugha, kwa kawaida, awe anafundisha lugha yake ya mama. Kwenye utekelezaji ofisi nyingi za majimbo zinahesabu nchi zile zile saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo, Mkenya hayumo, Mnigeria hayumo. Ticha anaweza kuwa na digrii, na cheti cha TEFL (cha kufundishia Kiingereza wasio wenyewe wa lugha), na tabia njema ya malaika, na ombi likarudi vilevile.

Hapo ndipo mawakala wanapokula. Wanajua njia ya Z kwa pasipoti yako ni nyembamba, wanakupitisha kwenye M.

#6 JaKisumu
Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, niko Thailand, nafundisha Kiingereza kihalali kabisa. Hiyo ya nchi saba si sheria, ni upendeleo wa shule. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, Kiingereza ni lugha rasmi. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu niko mdogo. Nani ataniambia si mwenyewe wa lugha?

Hapa nimepitia hivi: digrii, cheti cha tabia njema kutoka DCI (polisi wetu wa upelelezi), viza ya Non-B niliyochukua ubalozi wa Thailand Nairobi kabla ya kusafiri, halafu kibali cha kazi, halafu barua ya Khurusapha, hao ndio baraza la walimu hapa. Wanakupa ruhusa ya muda ufundishe huku ukitafuta leseni kamili. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji.

#7 Chui Jike
> JaKisumu aliandika: Nani ataniambia si mwenyewe wa lugha?

Hao hao Thai. Hukufanya TOEIC wewe, ule mtihani wa Kiingereza? Asiyetoka kwenye ile orodha anaombwa alama, kwa kawaida 600 kwenda juu. Mwingereza hafanyi.

Na Korea Kusini katiba yako haikusaidii chochote. Viza ya E-2 wanaangalia uraia, ni zile nchi saba, mjadala umefungwa. Unatakiwa digrii, rekodi ya polisi na vipimo vya afya pamoja na vya dawa za kulevya, lakini kwanza pasipoti. Tena Waafrika Kusini wakiomba shule za serikali kule wanadaiwa barua kuonyesha wamesoma kwa Kiingereza kuanzia darasa la 7 hadi chuo. Yaani hata aliyemo kwenye orodha anapekuliwa.

#8 JaKisumu
TOEIC nilifanya. Nilipata alama nyingi kuliko jamaa wa Leeds tunayekaa naye ofisi moja angepata, lakini hiyo tuache.

#9 Mnyalu Original
Kwa hiyo Mzulu Kiingereza ni cha mama yake, Mkikuyu ni cha mama wa kambo?

#10 Kamusi Hai
Mnazunguka. Wazazi wa kule wanalipia sura. Nimefanya kazi na Mghana aliyezaliwa London, pasipoti ya Uingereza, lafudhi ya London, digrii ya London. Kila alipotuma wasifu bila picha aliitwa kwenye usaili. Akiwasha kamera, nafasi imeshajazwa. Orodha ya nchi ni pazia tu la jambo hilo.

#11 Mchina wa Tandale
Kamusi Hai, kwa shule binafsi nakubali. Kwenye kibali mimi nimeona kingine. Watanzania wawili, wote wamesoma shahada ya uzamili Uingereza. Mmoja akapata kibali cha kufundisha Kiingereza, mwenzake jimbo jirani akanyimwa. Pasipoti moja, rangi moja, digrii za aina moja. Kilichobadilika ni ofisi iliyopokea faili. Kila jimbo linasoma kanuni kwa miwani yake.

#12 Sauti ya Zege
Huyo aliyepata amepata kwa sababu ya digrii ya Uingereza. Baadhi ya ofisi zinahesabu ulikosomea, pasipoti inakuja baadaye. Aliyenyimwa yawezekana uzamili wake ulikuwa wa mtandaoni.

#13 Mchina wa Tandale
Alisoma darasani. Nilimpokea mimi uwanja wa ndege akiwa na koti la Manchester.

#14 Mama Shaurimoyo
Koti la Manchester linauzwa Karume elfu kumi.

#15 Ticha wa Makambako
Dah. Asanteni, nasoma zote. Swali: hiyo TEFL ni ya lazima kama nina digrii ya ualimu? Nimeona mtandaoni kuna ya saa 120 wanauza dola 20 wakati wa punguzo.

#16 Kamusi Hai
TEFL haina mwenyewe. Hakuna baraza moja duniani linaloitoa, mtu yeyote anaweza kufungua tovuti na kuuza cheti. Saa 120 ni kiwango ambacho nchi nyingi za Asia na waajiri wamezoea kukitaja. Cha dola 20 kinaweza kupita kwenye mfumo kama karatasi, darasani hakitakusaidia lolote.

Vinavyoheshimika kweli ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity. CELTA ina saa kama 120 pamoja na mkufunzi, na ndani yake unafundisha wanafunzi halisi jumla ya saa sita huku mtu amekaa pembeni anaandika makosa yako. Bei yake hailingani kabisa na hiyo ya dola 20.

Lakini wewe umeshafanya BTP (mazoezi ya kufundisha), umekaguliwa na wakufunzi shuleni. Kwa kanuni ya China digrii ya ualimu yenyewe ni hoja. Vietnam wanataka digrii pamoja na cheti cha kufundishia, na kwa asiyetoka kwenye nchi za Kiingereza wanadai zaidi. Usinunue kitu kabla hujajua nchi.

#17 Kijiti Moto
Watu wanatisha hapa kama kwenda mwezini. Binamu yangu ana cheti cha kidato cha nne, yupo Asia mwaka wa tatu anafundisha Kiingereza na anajenga Kibaha.

#18 Chui Jike
Ana kibali?

#19 Kijiti Moto
Ana nyumba Kibaha.

#20 Karanga Mbichi
Hahaha uzi umefika mahali pake.

#21 Mfuko wa Shati
Nchi ya binamu siijui, ila kwa Thailand ukizidisha muda wa viza ni baht 500 kila siku hadi kufikia 20,000, na ukikamatwa kabla hujajipeleka mwenyewe unafungiwa kurudi. Wengi wanaishi kwa kuvuka mpaka kwenda na kurudi. Inafanya kazi mpaka siku ofisa wa mpakani anapofungua kurasa za pasipoti moja moja.

Tuje kwenye nyaraka maana hapo wengi wanakwama. Siku hizi ni rahisi, China imeingia kwenye mkataba wa apostili tangu 7 Novemba 2023. Unagonga muhuri mmoja tu, habari ya ubalozi imekwisha.

#22 Wakili Pembeni
Hapana mkuu. Apostili inafanya kazi nchi zote mbili zikiwa wanachama. China imeingia, Tanzania mpaka naandika hapa haimo. Digrii iliyotolewa Tanzania inafuata njia ya zamani: vyeti vinathibitishwa, Wizara ya Mambo ya Nje inagonga, ubalozi wa nchi unayokwenda unagonga juu yake.

Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Na angalieni hili: kinachotazamwa ni nchi iliyotoa waraka, siyo uraia wako. Mtanzania aliyesoma Uingereza, digrii yake inapata apostili Uingereza. Aliyesoma Kampala anarudi kwenye foleni ya balozi.

Cheti cha tabia njema kinatoka nchi uliyoishi. Ukiwa umeishi Uturuki miaka kadhaa, jiandae kuombwa cha Uturuki pia. Na kina muda wake, wengi wanataka kisizidi miezi sita. Usikimbilie kukichukua mapema kwa furaha, kitakuchachia mkononi.

#23 Mama Shaurimoyo
Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha NECTA, digrii na pasipoti liwe moja, herufi kwa herufi. Mdogo wangu digrii inasema Elizabeth, pasipoti Elisabeth. Alizungushwa mpaka akaapa kiapo mahakamani. Shule nayo haikumsubiri.

#24 Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, nafundisha skuli ya binafsi. Hapa kukuuliza kama Kiingereza ni cha mama yako sijaona sana, ila karatasi utazikoma. Digrii iwe ya Kiingereza au ualimu, transkripti nayo, zote zipite Mambo ya Nje (Zanzibar ipo ofisi yao, si lazima uvuke Dar kwa hilo) kisha ubalozi wa Oman. Skuli ikupeleke Wizara ya Elimu ya huku wakuidhinishe kwa jina. Viza ya kazi itoke kabla hujapanda ndege, ukifika unapimwa afya upya.

Uliyesoma masafa ujitayarishe kuulizwa. Waajiri wengi wa Ghuba wanataka barua ya chuo kwamba ulikaa darasani.

Jengine: kibali ni cha mwajiri mmoja. Tuisheni za jioni nyumbani kwa watu, zinazolipa kuliko mshahara, ni kosa. Watu wanafanya, na mie sisemi zaidi. Kisa kikubwa hapa ni Uomanishaji, nafasi za walimu wanapewa wenyewe kwanza, kwa hivyo tangazo la leo mwakani huenda lisiwepo.

#25 Mnyalu Original
Bint Mkunazini, chakula vipi huko? Na ni kweli mnaongea Kiswahili dukani?

#26 Bint Mkunazini
Mabibi wa watoto ninaowasomesha ndio wenye Kiswahili, waliondoka Unguja zamani. Mzazi anakuja kulalamika mtoto kafeli Kiingereza, bibi yuko nyuma ananiambia kwa Kiswahili "mwache, baba yake alikuwa hivyo hivyo."

#27 Wakuja77
Mimi nina digrii ya Chuo Kikuu Huria, ina maana ndiyo basi?

#28 Wakili Pembeni
Hapana, Huria ni chuo kinachotambuliwa na TCU (tume ya vyuo vikuu), digrii ni digrii. Suala ni nchi unayokwenda inaonaje masomo ya masafa. Muulize mwajiri kwa maandishi kabla hujaanza kulipia mihuri. Jibu la simu halina kesi.

#29 Mwana wa Kivu
Jambo wandugu. Naona wote macho iko Asia. Mimi ni mtu wa Goma, nafundisha Kiingereza Rwanda. Toka 2008 shule za hapa zilitoka Kifaransa zikaenda Kiingereza, na walimu walikosekana. Mwaka 2022 walileta walimu kutoka Zimbabwe kwa mkataba wa serikali na serikali. Waganda na Wakenya wako wengi. Hakuna anayeuliza lugha ya mama, wanauliza digrii ya ualimu na kama umesajiliwa kwenu.

#30 JaKisumu
Na kwetu Jumuiya ni nafuu. Kenya, Uganda na Rwanda zilifutiana ada ya kibali cha kazi. Ada ndiyo imefutwa, kibali bado unaomba. Kuna watu walienda wakidhani kitambulisho kinatosha. Sudan Kusini pia wamejaa Wakenya na Waganda, tangu waachane na mtaala wa Kiarabu. Hesabu yako ya usalama utaifanya mwenyewe.

#31 Kijiti Moto
Mwalimu anauliza yuan 12,000 nyinyi mnamtajia Juba.

#32 Chui Jike
Anauliza kihalali. Rudi post ya kwanza.

#33 Jirani wa Arusha
Mbona hakuna aliyetaja kufundisha ukiwa nyumbani? Nilikuwa nafundisha watoto wa China kwa kompyuta, sebuleni kwangu, pesa nzuri. Julai 2021 serikali yao ikatoa ile sera ya kupunguza mzigo wa masomo, ikakataza kampuni za tuisheni kuajiri walimu wageni walioko nje ya China. Kampuni yetu ikatuma barua pepe moja ya shukrani. Waliobaki ni wanafunzi binafsi wa huku na kule, na wengi wanataka nembo ya Marekani.

Kwa hiyo hata ukiwa na kila karatasi, sheria ya mwenye nchi inageuka usiku mmoja.

#34 Mfuko wa Shati
Japani nao kuna njia. Viza ziko mbili: ya ualimu kwa shule za kawaida, na ile ya wataalamu wa masomo ya sanaa na huduma za kimataifa kwa vituo vinavyofundisha mazungumzo ya Kiingereza. Digrii inatakiwa. Ambaye Kiingereza siyo lugha yake ya kwanza kwa kawaida anaombwa aonyeshe amesoma miaka 12 kwa Kiingereza.

#35 Mnyalu Original
Miaka 12! Sisi wa shule za kata tumeanza Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza. Nne, mbili, tatu za chuo. Hata ukarudie darasa haifiki.

#36 Karanga Mbichi
Na hicho cha kidato cha kwanza mwalimu alikuwa anaeleza kwa Kiswahili mkaguzi akishaondoka.

#37 Chui Jike
Ticha, kuna jambo hakuna aliyekuambia. Una Jiografia. Yale masharti ya lugha ya mama yanamhusu mwalimu wa lugha. Shule za kimataifa, China na kwingine, zinaajiri walimu wa masomo kwa Kiingereza: Hisabati, Fizikia, Jiografia. Hapo wanaangalia digrii inayolingana na somo na uzoefu wa miaka miwili ulioandikwa. Wakenya na Waganda niwajuao walioko kihalali wengi wamepita mlango huo, wengi kwa Hisabati. Ukiwa umewahi kufundisha mtaala wa Cambridge ndiyo vizuri zaidi.

Anza na barua ya uzoefu. Shule yako ikuandikie tarehe uliyoanza, somo, idadi ya vipindi, muhuri na simu inayopokelewa.

#38 Mchina wa Tandale
Kwa nadharia sawa, ila nafasi za Jiografia ni chache kuliko Hisabati. Na kuna shule zinamwombea mtu kibali cha Jiografia halafu zinampa vipindi vya Kiingereza. Siku ya ukaguzi kibali kinasoma kingine, ubao unasoma kingine.

#39 Kamusi Hai
Kumbe kwa Jiografia sura haina shida, kwa Kiingereza sura ina shida? Mmethibitisha hoja yangu.

#40 Sauti ya Zege
Hamjathibitisha kitu. Kwa Jiografia hakuna kigezo cha lugha ya mama kwenye kanuni. Basi.

#41 Kamusi Hai
Na nani aliandika kigezo, na kwa ajili ya mteja gani? Tutakesha.

#42 Msomi wa Sinza
Kwa nini usiuze ulichonacho? Fundisha Kiswahili. Kuna mpango wa Fulbright unaoitwa FLTA, unapeleka vijana wa Tanzania na Kenya vyuo vikuu vya Marekani kusaidia kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Unaingia kwa viza ya J-1, kila kitu mezani. Wanataka digrii, umri usiwe mkubwa, Kiingereza kipimwe, na uwe na nia ya kurudi nyumbani.

Kiswahili kinafundishwa pia Beijing, Osaka, na chuo cha Hankuk kule Korea Kusini. BAKITA wana mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na kanzidata ya wataalamu, jiandikishe. Huko wewe ndiye mwenye lugha ya mama na Mwingereza anakuwa mgeni.

#43 Ticha wa Makambako
Mkuu, mimi ni Mbena. Lugha ya mama yangu ni Kibena, Kiswahili nimekikuta shuleni.

#44 Karanga Mbichi
Hahahaha ombi limekataliwa.

#45 Bint Mkunazini
Huko tupeni sie wa Mjini Magharibi.

#46 Wakili Pembeni
Kuhusu J-1 muwe makini: FLTA unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi au ukaazi kule. Watu wanasaini bila kusoma. Kuna J-1 nyingine ya walimu wa shule za kawaida, hiyo inataka digrii, uzoefu wa miaka miwili na uwe unakidhi masharti ya jimbo husika. Hiyo ni ya miaka mitatu, inaweza kuongezwa.

#47 Ticha wa Makambako
Mrejesho kidogo. Nimemwandikia wakala nikamwomba barua ya taarifa ya kibali cha kazi, jina kamili la shule kwa herufi za Kichina, na namba ya usajili wake kama wakala wa ajira. Barua hajatuma. Ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, ananiambia nina maswali mengi kama polisi, nafasi amempa mtu wa Iringa. Baada ya saa moja akapunguza, sasa ni milioni mbili na laki nane.

Nimeanza kufuatilia barua ya uzoefu. Mkuu wa shule ananiuliza naenda wapi.

#48 Mama Shaurimoyo
Mwambie unaomba mkopo benki.

#49 Mchina wa Tandale
Huyo wa Iringa kama yumo humu asome #3 kabla hajalipa.

#50 Kijiti Moto
Mtaje wakala tumjue.

#51 Msimamizi
Majina na namba za simu za watu binafsi hayawekwi hapa. Mwenye malalamiko aende polisi au ofisi ya kazi. Uzi uendelee.

#52 Mtoto wa Chato
Samahani wakuu, nimesoma kurasa zote. Mimi nina stashahada ya ualimu wa msingi, digrii sina. Rwanda wananipokea au nirudi kwanza chuo?

#53 Mwana wa Kivu
Kwa msingi wanapokea stashahada ya ualimu, sekondari ndiyo wanadai digrii. Uliza shule binafsi za Kigali kabla ya mwaka wa masomo kuanza Septemba. Kinyarwanda unajua?

#54 Mtoto wa Chato
Kisukuma tu.